Mlango wa Birika la Samaki

Chole, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Mwanaidi,

Barua hutakiwa ianze kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Uko chumba cha pili na mama yako, mnalifunga sanduku kwa mara nyingine, na nakusikia ukimwambia asilikalie kwa nguvu kifuniko kitapasuka. Hali yangu nayo unaijua: mzima, mgongo unauma, na kelele zangu umezisikia tangu asubuhi. Basi salamu tuziache hapo.

Utashangaa baba yako anakuandikia ilhali ukuta mmoja tu ndio unaotutenga. Ningeweza kukuita. Lakini unanijua: nikikuita nitakuuliza kama umechukua mwavuli, utasema ndiyo, nitasema mwavuli ule una tundu, na maneno yetu yataishia hapo. Mdomo wangu umezoea kuagiza vibarua. Mkono unakwenda polepole zaidi, hasa mkono uliojifunza kuandika ukubwani, kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima, na wewe umekaa pembeni unanisahihisha herufi mbele ya wazee wenzangu. Hukuwa na haya hata kidogo. Leo nakushukuru.

Habari ya sanduku, dawa ya homa, sala na watu wa mjini, mama yako ameshaimaliza, na kesho ataianza upya. Mimi nataka kusema habari ya birika, kwa sababu kidogo tu likukoseshe safari hii, na kwa sababu kuna jambo nimelifanya leo ambalo hujalijua.

Unakwenda Dar es Salaam kusomea viumbe vya baharini. Kwa ninavyojua mimi, hapa Chole hajatoka mtoto yeyote, wa kiume wala wa kike, aliyeitwa kwa masomo hayo. Nimelisema hilo msikitini, nimelisema dukani, nimewaambia hata watu wa Kirongwe ambao hawakuniuliza. Chuo kimeandika kwamba atakayechelewa nafasi yake atapewa mwingine. Na wewe, kichwa kigumu kama baba yako, ukasimama jikoni ukasema hutoki nyumbani mpaka birika liweze kuishi bila wewe. Mama yako akanitazama mimi. Sikusema kitu. Nitakueleza kwa nini.

Ulikuwa darasa la sita ulipoanza kunisumbua. Mwalimu Agnes, yule mwalimu wenu wa sayansi kutoka bara ambaye mpaka leo akivuka kwa mashua kwenda Utende hufumba macho, aliwafundisha kwamba matumbawe si mawe. Ulinikuta kwenye tanuri. Nilikuwa nimepanga magogo, na juu yake nimepanga matumbawe niliyoyavunja mwenyewe maji yalipokupwa, tayari kuchoma chokaa.

“Shikamoo, baba. Hao ni wanyama.”

“Marahaba. Wanyama gani?”

“Hao unaotaka kuwachoma.”

Vibarua wangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia nilicheka. Nimezaliwa nikamkuta baba yangu akichoma matumbawe, na baba yake alichoma, na kuta nyingi za hapa kwetu zimetoka kwenye matanuri yetu. Nikakuambia kama ni wanyama, basi sote tunalala ndani ya mizoga. Hukucheka. Ulikwenda ufukweni ukarudi na ndoo, ndani yake kipande cha tumbawe lililo hai, ukaiweka kivulini, ukanilazimisha nichutame. Nilichutama kwa sababu wewe ni mtoto wangu wa pekee na sina ujanja kwako. Tukatazama. Vikaanza kutoka vidole vidogo, vyembamba kuliko ncha ya sindano, vikipapasa maji. Nilipokigusa kipande kile, vilirudi ndani vyote kwa pamoja.

Tanuri sikuliwasha siku ile. Sitajisifu, siku ya pili nililiwasha, kwa sababu watu walikuwa wananisubiri na nyumba haziwezi kukaa bila kuta. Lakini tangu mzigo ule ulipokwisha nachimba matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe huku juu nchi kavu, magumu, yanavunja mgongo, na kila yakinivunja nakutaja kwa jina.

Ndipo ukataka birika la kufugia hao wanyama wako. Nikakujengea uani, nyuma ya jiko, la kina cha mapaja, kwa saruji kidogo niliyopewa bakshishi na mtu niliyemjengea. Na hapo nikafanya kosa ambalo fundi mwashi peke yake angeweza kulifanya. Unajua birika jipya la maji ya kunywa halitumiki siku ile ile. Unalijaza, unaliacha, unamwaga, unalijaza tena, mpaka ule ukali wa saruji na chokaa uishe, ndiko kuliozesha, la sivyo watu wataumwa matumbo. Nimewafundisha hilo wote waliowahi kushika mwiko mbele yangu, na aliyelisahau nilimfukuza. Lakini birika lako nililijaza maji ya bahari lipu halijapoa vizuri, tukatia samaki siku ile ile. Ukaniuliza, “Baba, haliozeshwi kwanza?” Nikakujibu kwa ufundi wangu wote: “Linaozeshwa kwa ajili ya watu. Samaki amezoea maji makali, anakunywa chumvi.”

Alasiri walikuwa wanaelea wote, tumbo juu.

Ulilia ukakataa kula, na ulikuwa wali wa nazi na pweza. Nilikasirika. Nilisema samaki ni samaki, angekufa kwenye mtego wa dema au angekufa uani. Maneno yale bado nayasikia, na sikuyapenda hata wakati yanatoka. Kesho yake nililifumua lile lipu lote, nikalipaka upya, nikaliozesha kama ningeliozesha birika la msikiti. Wewe ulikuwa unapita kwenda shule unachungulia, huniambii neno. Nilijua nasamehewa kidogo kidogo.

Mara ya pili nilikaribia tu kuwaua, kwa hiyo yalikuwa maendeleo. Birika lolote la kwetu hufunikwa, jua lisilipige na mbu wasizalie. Nikaliezekea makuti, kazi safi, hata mwenyewe nikaipenda. Samaki walikaa vizuri, lakini matumbawe yalianza kupauka, leo huku, kesho kule. Nikasema hiyo ndiyo tabia yao. Siku moja narudi kutoka Baleni nakukuta uko juu ya paa langu unang'oa makuti na kuyatupa chini. Nilikufokea majirani wote wakatoka. Ukanijibu kutoka juu kule, tena kwa adabu: “Baba, kule baharini nani amewaezekea?”

Nikaanza kuyaokota makuti. Rangi ilirudi taratibu, ya zambarau na ya kijani, na majirani wale wale waliotoka kushuhudia ugomvi wakawa wanapita kutazama. Nilikuwa nawaambia, “Nimeyaondoa makuti, yalikuwa yanazuia jua.” Nimeyaondoa! Ulinisikia ukanyamaza. Hilo nalo ni deni.

Lakini ninalolisimulia kila mahali ni lile la chumvi. Jua la uani lilikuwa linayanywa maji, na mimi nikawa nachota ndoo za bahari naongeza. Nilikuwa naona nafanya la maana. Samaki wakawa wazito, wanahema juu juu, na kile kiumbe chako laini kama ua, chenye vidole vinavyowasha, kikajikunja hakitaki kufunguka. Tuliwaza sumu, tukawaza jicho la watu. Mwalimu Agnes alikuja akafungua kitabu chake, mna picha ya birika la kioo la Ulaya, lakini hakikusema habari ya Chole. Wewe ulichovya kidole ukalamba. Ukaenda baharini ukalamba ya kule. Ukarudi jikoni kwa mama yako, ukasimama mlangoni unafikiri, kisha ukaniuliza:

“Baba, mchuzi ukikauka jikoni, mama anaongeza chumvi au anaongeza maji?”

“Anaongeza maji, kwani ana wazimu?”

“Basi sisi tunaongeza chumvi. Jua linachukua maji tu, chumvi linaiacha.”

Mama yako akapiga kigelegele akiwa bado ana mwiko wa ugali mkononi. Tangu siku ile birika lilipopungua tuliongeza maji ya kisima, na ua lako likafunguka. Mwalimu Agnes akakuambia mbele yangu kwamba akili hiyo isiishie hapa kisiwani, na yeye ndiye aliyekusukuma mpaka ukaufanya mtihani wa kuingia chuo. Nimeamua kwamba siku utakapokuwa mkubwa wa mambo hayo na watu wakakuuliza ulianza wapi, usione haya kusema ulianza kwa mchuzi. Huko chuoni utaona mabirika ya kioo na mashine za kusukuma maji. Yatazame kwa heshima, uliza kila kitu, lakini usije ukaliona letu la kijinga. Lile la kijinga lilikuwa na fundi wake, na fundi mwenyewe amejifunza.

Sasa hili kubwa. La uani lilikuwa dogo mno. Maji machache huchemka upesi kama sufuria ndogo, na wewe ulikuwa hulali, unabeba ndoo za kubadilisha maji bahari ikijaa, na unalitia kivuli kidogo cha makuti jua likikaza. Siku ulipougua homa mama yako alibeba yeye, na akaapa hatabeba tena. Ndipo ukaja na wazo la kujenga pale chini, kwenye lile shimo la mwamba ufukweni, tuzibe upande wa bahari kwa ukuta, tuache mlango, bahari ibebe ndoo yenyewe kila maji yanapojaa. Nilipolisikia nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu, kwa furaha. Nimejenga miaka yote na sikuwahi kufikiri kwamba bahari inaweza kuwa kibarua wangu.

Wavuvi wa dago, wale wanaotoka wilaya nyingine na kupiga kambi pale ng'ambo, walianza kunitania: “Fundi Faki, samaki umeanza kuwafuga kama kuku? Wanataga?” Mwisho wa utani wao ulikuwa kukuletea matumbawe yaliyovunjwa na nanga zao, wameyatia kwenye ndoo ya maji, kwa uangalifu kama wamebeba mayai kweli. Na Mwenyekiti wa kijiji, unamkumbuka alivyosimama mkutanoni na kofia yake: “Tunataka kujua, birika hili ni la kijamaa au la mtu binafsi?” Nilianza kutokwa jasho. Wewe ukanyoosha mkono, ukapewa ruhusa, ukasema, “La samaki, Mwenyekiti. Lakini watoto wa shule watasoma hapo wote.” Mkutano mzima ulivunjika mbavu kwa kicheko, na siku ya kazi ya pamoja watu walituletea mawe. Nilikaa nyuma kule kama baba wa bibi harusi, najifanya najikuna jicho.

Ulifanya kazi ya maana kabla sijagusa mwiko. Ulichomeka vijiti kwenye ule mwamba, ukawa unatazama maji yanafika wapi wakati wa bamvua, yanapojaa sana, na yanafika wapi wakati wa maji mafu yanapojaa kwa uvivu. Ukaniwekea alama ya chokaa: kizingiti cha mlango kisizidi hapa. Nikaitikia. Kisha nikajenga, nikafika pale, nikatazama kwa jicho la fundi, nikaona jiwe moja likiongezwa juu ya kizingiti birika litabakiwa na maji mengi zaidi yakikupwa, na ukuta utapendeza. Nikaliweka. Sikukuuliza. Nani anamuuliza mtoto habari ya jiwe?

Wakati wa bamvua kila kitu kilikwenda vizuri, maji yaliingia kwa kishindo, watu wakapiga makofi, tukawahamisha wanyama wako wote. Kisha yakaja maji mafu. Maji yalipanda, yakalilamba lile jiwe langu, yakarudi. Mara ya pili vile vile. Birika likawa linapata moto, na wewe ukarudia ndoo zako. Mimi nikasema, “Kesho yatapanda.” Hayakupanda. Ukaniambia, “Baba, ni lile jiwe.” Nikasema jiwe halina kosa. Wiki hiyo hiyo ndiyo ikaja barua ya chuo, na ndipo ukasema yale maneno jikoni, kwamba hutoki ukiwaacha viumbe hivi kwenye maji yasiyobadilika.

Nililivunja lile jiwe mbele ya watu. Patasi na nyundo, mchana, wavuvi wa dago wakitazama. Nilifikiri nitaona aibu, lakini ulikuwa umenishikia patasi na unaniambia “pole pole, baba, pembe hiyo ni nzuri usiiharibu,” na nikagundua kwamba sijali nani ananitazama. Kama kuna kitu kimoja cha kubeba kutoka kwangu, basi beba hicho. Ukigundua umeweka jiwe pasipo pake, livunje wakati chokaa bado mbichi, hata kama wanaotazama ni maprofesa. Mimi nilisubiri likauke, likanitoa jasho.

Na sasa nikuambie kwa nini jikoni nilinyamaza. Kurudishia kizingiti kile ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Unanijua, watu huniita hata kutoka Kilindoni kwa sababu ya wepesi wangu. Nilikichezea. Mara mchanga haufai, mara timazi limepotea, mara nakwenda kutafuta udongo mwekundu wa kuchanganya na chokaa, kana kwamba kisiwa kizima hakina udongo. Ulidhani baba yako amekuwa makini baada ya lile kosa. Mama yako ndiye hakudanganyika. Alinibana pale chini ufukweni wewe ukiwa umekwenda shuleni kumtembelea Mwalimu Agnes.

“Baba Mwanaidi, jiwe moja unalilea mpaka lini? Unajenga au unamzuia mtoto?”

“Najenga.”

“Basi jenga.”

Nilikimaliza siku ile ile. Jana na leo ni maji mafu, na umeona kwa macho yako: leo asubuhi yamejaa kivivu vile vile, lakini yameingia, yakapita juu ya kizingiti kama mgeni anayejua nyumba. Hakuna aliyebeba ndoo. Uliruka majini na nguo za safari ulizokuwa unazijaribu, na mama yako akapiga kelele. Birika linaishi bila wewe, mwanangu. Umelipanga wewe, na baba yako, pamoja na ukaidi wake, amelijenga. Sina kazi nyingine niliyoifanya ambayo naionea fahari hivi, na nimejenga misikiti.

Limebaki lile la wavu, lililotukaa moyoni wiki nzima. Nilipomaliza mlango nikaupigilia wavu wa waya, samaki wasitoroke. Ukasema uondolewe. Nikakuuliza, je, Bwana Forodha akienda zake? Yule samaki wako wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, uliyempa jina hilo kwa sababu hawezi kumwona yeyote akipita bila kumtokea na kumkagua. Umemlea tangu alipokuwa mdogo kama ukucha. Ukasema, “Akitaka kutoka na atoke, baba. Pakimpendeza atarudi.” Nikasema fundi ni mimi na wavu unabaki. Safari hii hukubishana. Uliniangalia tu, ukaenda kumsaidia mama yako kukuna nazi, na tangu hapo sijapata usingizi mzuri.

Leo alasiri mlipokwenda kumuaga shangazi yako, maji yakiwa yamekupwa, niliteremka na koleo nikaung'oa. Misumari yote nimeitoa na matundu yake nimeyaziba. Kisha nikakaa juu ya ukuta nikamtazama Bwana Forodha. Alitoka katikati ya vidole vya ua lake, akaja mpaka mlangoni, akakagua pale palipokuwa na waya, akarudi. Kesho atafanya anavyotaka.

Mama yako atakupa barua hii asubuhi pamoja na chai, kwa hiyo utaisoma kabla hujateremka. Mwavuli nimeushona. Mashua yenu itaondoka maji yakijaa, na itapita mbele ya ukuta wetu kabla ya kuelekea Utende. Mama yako atakuwa analia, na mimi nitakuwa namfokea aliyebeba sanduku lako. Usitutazame sisi. Utazame mlango. Utayaona maji yakiingia na kutoka, na hakuna kitu kilichosimama mbele yake.

Ule wavu, Mwanaidi, sikuuweka kwa ajili ya samaki.

Nenda, mama. Mungu akutangulie.

Baba yako,
Faki, fundi wako